Kamati ya Kuteua Kamera Yenye Adabu

“Mamlaka ya Umakini inapenda kuutangazia umma kwamba uchunguzi umekamilika na mkosaji amepatikana. Mkosaji ni kamera.”

Tangazo hilo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa kantini, kwa kuwa ubao wa matangazo ulikuwa umejaa matangazo yanayokataza kubandika matangazo. Wafanyakazi walilisoma kwa utulivu, wakaingia ndani, wakafunga mlango, ndipo wakacheka.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Jarida la Mamlaka lilikuwa limetoka na picha ya Mkurugenzi Mkuu ukurasa wa mbele. Mkuu, kama wote walivyomwita, alikuwa ameketi meza kuu ya Kongamano la Umakini, kidevu kimeegemea tai, mdomo wazi, macho yamefumbwa, na juu ya kichwa chake bango la maandishi makubwa: TUKO MACHO. Watu wenye roho mbaya walisema Mkuu amelala. Watu wenye familia za kulisha walisema anatafakari. Tume ikaundwa, ikakaa, ikanywa chai, na mwisho ikabaini kwamba Mkuu alikuwa macho kabisa. Kamera ndiyo iliyopepesa.

Na kwa kuwa kamera haiwezi kuadhibiwa peke yake, aliyeishika aliadhibiwa pamoja nayo. Mpiga picha wa Mamlaka, mwanamke mrefu asiyejua kuuma maneno, akahamishiwa stoo kupangusa viti.

Siku hiyohiyo ikaundwa Kamati Maalumu ya Uteuzi wa Vifaa na Programu za Picha Zenye Adabu. Uenyekiti alipewa Mkurugenzi Msaidizi wa Mipango ya Kupanga, ambaye kazini walimwita Bwana Kimsingi, kwa sababu mara chache alianza sentensi bila neno hilo, hata anapoagiza chai. Hakujua chochote kuhusu kamera. Picha zote alizowahi kupiga nyumbani kwake zilikuwa na kidole gumba chake pembeni. Jambo hilo lilihesabiwa kuwa sifa: mtu asiyejua kitu hawezi kuwa na upendeleo.

Tatizo lilikuwa moja, nalo lilikuwa la nyumbani. Mpiga picha aliyetupwa stoo alikuwa mdogo wa mkewe, tumbo moja.

“Baba watoto,” mkewe alisema asubuhi iliyofuata, akiwa anampigia shati lake pasi, “mdogo wangu anapangusa viti.”

“Kimsingi ni uhamisho wa muda.”

“Kamera imefumba macho?”

“Uchunguzi umethibitisha.”

“Na wewe ukasaini.”

“Nilisaini kama mwakilishi wa idara.”

Mama watoto aliisimamisha pasi, akaichomoa kwenye umeme. “Basi mkono uliobaki ataunyoosha mwakilishi wa idara.”

Bwana Kimsingi akaenda kazini mkono mmoja wa shati umenyooka, mwingine umekunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa. Njiani alijiambia kwamba wanawake hawaelewi taratibu. Alijiambia hivyo mara kadhaa, kwa sababu mara ya kwanza hakujiamini sana.

Kamati ilikutania stoo. Ukumbi wa mikutano ulikuwa umekaliwa na kamati nyingine, iliyokuwa ikijadili uhaba wa kumbi za mikutano. Wajumbe walikuwa wawili, ukimwacha mwenyekiti: Mwanasheria wa Mamlaka, mwembamba, mwenye miwani ya kuvua na kuvaa, na Mtunza Stoo, mzee mnene aliyekuwa hapo kwa sababu vikao vilikuwa chumbani kwake. Kwenye kona ya chumba, kitambaa mkononi, alikuwa shemeji mtu.

“Shemeji, inua miguu,” alisema, akapangusa chini ya kiti cha mwenyekiti.

“Kimsingi tuko kikaoni, shemeji.”

“Na mimi niko kazini. Inua na huo mwingine.”

Muuzaji akakaribishwa. Alikuwa kijana wa maneno laini na begi kubwa, na alitoa kamera yake ya kwanza kama mtu anayemtoa mtoto mchanga bafuni.

“Waheshimiwa, hii ina megapikseli ishirini na nne.”

“Hiyo ni ngazi ya nani?” akauliza Mwanasheria.

“Samahani, mzee?”

“Mkurugenzi Mkuu wetu ni ngazi ya kwanza. Kuna nyingine yenye nyingi kuliko hizo?”

“Ipo, ya sitini.”

“Kwa hiyo unataka Mkuu apigwe kwa ishirini na nne, halafu kesho msaidizi wa mtu apigwe kwa sitini?”

Muuzaji alieleza kwamba megapikseli ni vitone tu vya picha, na kwamba zikizidi sana hata chunusi ndogo huonekana kama kichuguu. Kamati ilimsikiliza kwa heshima na kupitisha azimio: Mkuu apigwe kwa megapikseli zote, wakurugenzi kwa nusu, na madereva kwa kiasi cha kutosha kuonyesha kwamba ndani ya gari kuna mtu.

Zikafuata lenzi. Muuzaji akanyanyua iliyo ndefu. “Hii unampiga mtu akiwa mbali kule.”

“Mkuu si mwizi, anapigwaje kwa mbali?” alisema Mwanasheria.

“Basi hii fupi. Hii unamsogelea.”

“Hasogelewi.”

Ikaamuliwa inunuliwe lenzi ya katikati, na kwenye muhtasari ikaandikwa “lenzi ya umbali wa heshima”. Kompyuta ikachaguliwa kwa uzito. Zilikuwepo mbili, muuzaji alisema ile nyepesi ndiyo yenye nguvu za kuhariri video, lakini Mtunza Stoo alizinyanyua zote mbili, akasikilizia mikono yake, akasema kompyuta nyepesi haina kitu ndani na isitoshe inaibika kirahisi. Kibao cha kuchorea kilipita bila ubishi, kwa kuwa Bwana Kimsingi alielewa mara moja matumizi yake: kuwachora wananchi pale ambapo wananchi hawakuja. Kilichobishaniwa ni kalamu yake.

“Wino unaingilia wapi?” akauliza Mtunza Stoo.

“Haina wino, mzee wangu. Unachora kwenye kibao, picha inatokea kwenye skrini.”

“Kalamu isiyo na wino ni kijiti. Nitaipokea kama kijiti.”

Ndipo muuzaji akalisogeza begi pembeni, akashusha sauti. “Sasa wazee wangu, kuna programu. Hii siwaonyeshi watu wote. Mtu akifumba macho, yenyewe inamfumbua. Kwenye picha, kwenye video, hata kwenye matangazo ya moja kwa moja. Kamera inamwona amefumba, skrini inamwonyesha anaangalia.”

Mwanasheria alivua miwani. “Hata kama amelala?”

“Hata kama amelala fofofo.”

“Futeni neno ‘kulala’ kwenye muhtasari,” alisema Bwana Kimsingi. Alikuwa ameanza kuuona ukurugenzi kamili ukimjia kwa mbali, ukitembea kwa miguu yake mwenyewe.

“Iko wapi?” akauliza Mtunza Stoo.

“Programu haionekani, mzee.”

“Sipokei kitu kisichoonekana. Walishaniletea ‘ushauri wa kitaalamu’ hapa, nikasaini, na mpaka leo rafu ile pale iko tupu.”

Muuzaji akampa boksi tupu. Mtunza Stoo akalipiga mhuri, akaliweka kwenye rafu, roho yake ikatulia.

Majaribio yalifanyika palepale. Kwa kuwa hakuna mjumbe aliyejua kuiwasha kamera, shemeji mtu aliombwa aweke kitambaa chini kwa muda. Mtunza Stoo akajitolea kulala, kazi aliyoifanya kwa moyo mmoja. Yeye akikoroma juu ya meza, kwenye skrini alikuwa ametoa macho makubwa, meupe, matiifu.

“Anaonekana kama samaki wa kwenye barafu,” alisema shemeji mtu.

“Kimsingi anaonekana makini.”

“Samaki naye ni makini, shemeji. Ila kafa.”

Mkuu aliletewa matokeo, naye akajaribiwa, akajiona mwenyewe kwenye skrini akiwa amefumba na huku anaangalia, akaipapasa skrini kama mtu aliyeonyeshwa urithi wake. Kisha akatoa waraka uliosomwa kila idara: kuanzia siku hiyo, picha iliyopita kwenye mitambo ya Mamlaka ndiyo ukweli, na kinachoonwa kwa macho ya kawaida kitahesabiwa kuwa maoni binafsi.

Uzinduzi wa mitambo ukapangwa, na Mheshimiwa mwenyewe, aliye juu ya wakuu wote, akakubali kuwa mgeni rasmi. Shemeji mtu akarudishwa kwenye kamera kwa cheo cha Kaimu Mpiga Picha wa Majaribio, kwa sababu hakuwepo mwingine. Mama watoto alipopata habari alimpigia mumewe shati pasi, mikono yote miwili, ila kola akaiacha. “Hiyo mpaka neno ‘kaimu’ litoke,” alisema.

Ukumbi ulijaa. Nyuma ya jukwaa ilitundikwa skrini kubwa kama ukuta wa nyumba, na mbele ya Mheshimiwa, pale aliposimama kuhutubia, iliwekwa ndogo ya kwake ili ajione. Mkuu alikaliwa na kiti laini upande wa pili wa maua. Au niseme alikikalia, ingawa kwa jinsi kilivyommeza ilikuwa vigumu kujua nani kamkalia nani. Maua yalikuwa mengi mno. Kutoka kwa Mheshimiwa hakukuonekana kitu cha Mkuu isipokuwa ncha za viatu.

Mheshimiwa hakuwa amemaliza hata salamu, Mkuu akaenda. Alikwenda kama anavyokwenda siku zote, kichwa kwanza. Waliotazama kitini waliona mtu amelala. Waliotazama skrini waliona mtu yuko lindoni. Kwa kufuata waraka, wote wakatazama skrini.

Bwana Kimsingi, safu ya pili, alijisikia fahari, akainyoosha kwa vidole kola yake isiyopigwa pasi.

Kisha Mheshimiwa, aliyekuwa akisifu, akapata wazo la kuchangamsha ukumbi. Akatazama skrini yake ndogo, akayaona macho ya Mkuu yanamwangalia moja kwa moja.

“Hebu mwenyeji wangu atuambie,” alisema kwa tabasamu. “Tangu Mamlaka hii ianzishwe, imefanya nini?”

Macho yakamwangalia.

“Nakuuliza wewe, Mkurugenzi Mkuu.”

Macho yakazidi kumwangalia. Hayakupepesa. Kwenye skrini kubwa kila jicho lilikuwa kama gurudumu la lori. Na hapo, kupitia kipaza sauti kidogo kilichobanwa kwenye tai yake, Mkuu akavuta mkoromo mrefu, mzito, wenye mikunjo, ambao spika za Mamlaka, nazo mpya, ziliutoa bila kupunguza hata punje.

Tabasamu la Mheshimiwa likaganda. “Unanikoromea?” aliuliza taratibu. “Mimi? Mbele ya watu? Umenitolea macho, na sasa unanikoromea?”

Mkuu akakoroma tena, akanyamaza, akalamba midomo.

Mheshimiwa akakunja hotuba yake na kuondoka, msafara mzima nyuma yake. Mkuu aliamshwa na vumbi la magari.

Kama angekuwa amelala, angesamehewa. Viongozi wote huchoka. Lakini kuwa macho, kuulizwa swali na Mheshimiwa, na kumkodolea tu bila kujibu, hilo lilikuwa jambo jingine kabisa. Likaundwa Jopo la Nidhamu la wazee wazito kutoka juu, wenye mavazi ya kiungwana na historia ndefu ya kukaa kwenye majopo. Mashtaka: kumkodolea kiongozi macho kwa dharau na kumkoromea hadharani.

Mkuu alisimama mbele yao, amesawajika. “Waheshimiwa, nilikuwa nimelala.”

Mwanasheria wa Mamlaka akasimama na kusoma waraka. Picha ndiyo ukweli. Sahihi ilikuwa ya Mkuu mwenyewe, imepinda kwa madaha.

“Nina mashahidi!” alisema Mkuu.

Akaitwa dereva wake. Dereva alimwangalia bosi wake kwa mapenzi, akaapa: “Mkuu halali. Miaka yote namwendesha, hata safari za mbali, yuko kiti cha nyuma kimya, anafikiria taifa.”

“Sema kweli, bwana wee!” Mkuu alimsihi.

“Ndiyo kweli yenyewe, Mkuu. Siwezi kukuangusha.”

Akaitwa katibu muhtasi wake, ambaye alieleza kwamba mchana Mkuu akifunga mlango huwa anatafakari, na kutafakari kwake husikika mpaka korido. Waliitwa wengine, na kila mmoja aliona hiyo ndiyo nafasi ya kumwokoa Mkuu, akamsifia kwa kutolala kwake, wakammaliza. Bwana Kimsingi naye aliitwa. Alijua vizuri kuliko wote. Akasikia sauti yake ikisema, “Kimsingi, mitambo ilithibitishwa na kamati.” Alipokaa alihisi kola ya shati inambana.

Jumamosi Mkuu alikuja nyumbani kwa Bwana Kimsingi. Alikuja kwa miguu, bila tai, akaketi kwenye kochi kama mgeni aliyekuja kukopa. Mama watoto alimkaribisha kwa heshima zote, akampa maji, akaketi kusikiliza. Shemeji mtu alikuwepo pia.

“Mwanangu,” Mkuu alimwambia, “wewe ulikuwa kwenye kamera. Wewe unajua mimi hulala. Njoo uwaambie.”

“Mzee wangu,” alijibu shemeji mtu, “mimi nikusingizie usingizi? Nilishaonekana na hatia ya hilo kosa. Nirudie tena?”

Mkuu akainamisha kichwa. “Nimelala vikao vyote vikubwa,” alisema. “Cha bajeti nililala. Semina ya umakini nililala mpaka nikaota. Leo hii hakuna hata mtu mmoja wa kunishuhudia?”

Mama watoto alimwangalia mumewe. Bwana Kimsingi aliangalia maji kwenye glasi ya mgeni.

Kwenye kikao cha mwisho Mkuu akaomba jambo moja: aruhusiwe kulala mbele ya Jopo, waone wenyewe. Wazee wakashauriana, wakakubali. Kiti laini kikaletwa. Kamera ikawekwa, kwa kuwa kila ushahidi ulipaswa kurekodiwa, na shemeji mtu akasimama nyuma yake. Bwana Kimsingi akaamriwa asome kwa sauti Taarifa ya Utekelezaji ya Mamlaka, kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukisikia mpaka mwisho.

Akasoma. Mkuu akafumba macho, akafumbua. Akageukia upande wa pili. Akalegeza viatu. Jasho lilimtoka. Mtu aliyeweza kulala amesimama kwenye wimbo wa taifa, leo usingizi ulimkimbia kama mdaiwa. Macho yalikuwa mekundu, yamekodoka, yanamwomba Bwana Kimsingi asome vibaya zaidi.

Bwana Kimsingi akaingia sura ya mikakati. Mzee wa mwisho kulia akaegemea mkono. Aliposhika kipengele cha uratibu wa waratibu, wawili wa katikati wakaegemeana. Mwenyekiti wa Jopo alijitahidi kiume, akatikisa kichwa mara mbili kama anayekubaliana na hoja, kisha kichwa kikaenda na hakikurudi. Chumba kizima kikawa kinakoroma kwa sauti za vyeo mbalimbali. Waliobaki macho walikuwa watu watatu tu: msomaji, mpiga picha na mshtakiwa.

“Shemeji,” shemeji mtu alinong’ona kutoka nyuma ya kamera, “ile programu imewashwa. Huku wote wako macho, wanamwangalia. Niiache?”

Bwana Kimsingi aliacha kusoma, ukurasa mkononi. Alijua maana yake. Programu ikiachwa, Jopo litaonekana makini kikao kizima, Mkuu ataondoka, na kiti laini kitabaki wazi, na aliye karibu nacho zaidi ni nani? Alimwangalia Mkuu kitini, mtu mzima anabembeleza usingizi kama mtoto mwenye homa. Akamwangalia shemeji yake, ambaye siku ile stoo alipiga magoti chini ya kiti chake na kitambaa mkononi, na yeye akainua miguu tu.

“Zima,” alisema.

“Una hakika?”

“Zima, shemeji. Halafu sogea. Wapige kwa karibu.”

Wazee walipoamka, walimkuta Mkuu macho, wakamkuta na hatia. Ripoti yao ilieleza kwamba Jopo lilifuatilia ushahidi wote bila kupepesa. Mheshimiwa alipoisoma alifurahi mno. Aliagiza rekodi ya kikao ionyeshwe taifa zima kwenye taarifa ya habari ya saa mbili, ili umma ujionee umakini wa viongozi wake. Rekodi hakuitazama, alikuwa na imani na mitambo.

Basi saa mbili familia ilikuwa sebuleni. Mtangazaji akasema, “Na sasa, mfano wa kuigwa,” na skrini ikajaa wazee, megapikseli zote, kila tundu la pua, kila uzi wa mate, vinywa wazi kama wanaoimba kwaya. Katikati yao aliketi mshtakiwa, macho kodo.

Kicheko kilianzia nyumba ya jirani. Kikavuka ukuta, kikashika nyumba ya pili, kikateremka na mtaa mzima. Mtu alikuwa anapiga meza. Mtu mwingine alikuwa anapaza sauti, “Waamsheni! Waamsheni jamani!” Bwana Kimsingi hakucheka mwanzoni. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashuka kwenye kochi.

Simu yake ikaita. Akaangalia namba, kicheko kikamkatika. Ilikuwa ofisi ya Mheshimiwa. Hakuna aliyenyoosha mkono, isipokuwa mama watoto.

“Haloo,” alisema kwa adabu. Sauti ya upande wa pili ilikuwa kali kiasi kwamba wote waliisikia: mwenyekiti wa kamati ya kamera yuko wapi, na huyo aliyerekodi yuko wapi, waje kwenye simu sasa hivi!

Mama watoto aliwaangalia, mumewe chini kwenye zulia na mdogo wake amejiziba mdomo na mto.

“Samahani, baba,” alijibu. “Wamelala.”

Akakata simu, akaongeza sauti ya televisheni.